Kalkuleta Zirudishwe, Mchezo Ufundishwe

Najua umezoea kusoma katika kurasa hizi habari za dawa za kulevya, usafi wa mazingira na umuhimu wa lugha yetu. Leo naomba ruhusa niongee kuhusu kidude kidogo kinachokaa mkobani, kati ya seti ya jiometri na kitabu cha majedwali. Nacho ni kalkuleta.

Muhula uliopita, asubuhi ya gwaride, ilitangazwa kwamba kalkuleta zote zikusanywe zikae katika ofisi ya walimu. Zitakuwa zikitolewa wakati wa kipindi cha Hisabati na wakati wa mtihani tu. Sababu yenyewe ni kwamba kidato cha tatu wamezigeuza kuwa michezo. Msomaji, sina haja ya kujificha nyuma ya mlango. Aliyeanzisha mchezo ule ni mimi. Ndiyo maana naona ni haki yangu, na pia ni wajibu wangu, kusema maneno mawili matatu.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana wengi walioulaani hawakuwahi kuuona. Kama ujuavyo, Baraza la Mitihani la Kenya huturuhusu kutumia katika KCSE kalkuleta zisizopangika programu na zisizotoa sauti. Maana yake ni kwamba kalkuleta ya mwanafunzi wa Kenya haikuundwa kwa mchezo hata kidogo. Haina picha, haina muziki, haina nafasi ya kuandika programu. Lakini katika Casio fx-82MS, ambayo wengi wetu tunayo, ukibonyeza Shift kisha kitufe cha nukta, unapata kitu kiitwacho Ran#. Kitu hiki hukupa namba ya bahati nasibu kati ya 0 na 1, kwa mfano 0.417 au 0.083. Hakuna ajuaye itakayofuata.

Mimi naishi Ruiru na shule yetu iko Thika. Kila siku napanda matatu asubuhi na jioni, karibu kilomita 20 kwenda na nyingine 20 kurudi. Jioni moja tulikuwa tumekwama kwenye foleni karibu na Juja, nikaitoa kalkuleta. Niliandika 20, nikabonyeza =. Kisha nikaandika Ans − 5 × Ran#. Kila nilipobonyeza = tena, ile 20 ilipungua: 17.3, kisha 16.1, kisha 11.8. Nikajiambia, kumbe matatu imetoka Thika, imepita Witeithie, sasa inakaribia Juja! Mchezo ukazaliwa hapo hapo. Unatakiwa kushuka Ruiru, yaani karibu na sifuri iwezekanavyo. Ukisema "shukisha" mapema, utatembea kilomita zilizobaki. Ukibonyeza mara moja zaidi na namba ikawa hasi, umepitishwa stage, umejikuta Githurai, na umeshindwa. Anayeshuka karibu zaidi na sifuri ndiye mshindi.

Ama kweli, usione vyaelea vimeundwa. Kwa wiki moja darasa zima lilikuwa linasafiri kutoka Thika hadi Ruiru bila hata ndururu ya nauli. Na watu walianza kufikiri. Ukiwa umebakiwa na kilomita 2, ubonyeze au ushuke? Hatua moja yaweza kuwa popote kati ya 0 na 5. Kwa hiyo nafasi ya kupitishwa ni tatu kwa tano. Ukibakiwa na 4, nafasi ya kupitishwa ni moja tu kwa tano. Hakuna aliyetufundisha hayo. Mada ya uwezekano tulikuwa bado hatujaifikia, na tulipoifikia mwalimu wetu wa Hisabati alishangaa kuona mikono mingi ikiinuka hata kutoka viti vya nyuma.

Lau ningekomea hapo, leo ningekuwa naandika makala ya kujisifu. Lakini majuto ni mjukuu. Nilipoona mchezo umependwa, tamaa ikaniingia. Nikatangaza sheria mpya: leta ashuu, yaani shilingi kumi. Ukishuka ukiwa umebakiwa na chini ya kilomita 1, nakupa mbao, shilingi ishirini. Ukipitishwa, ashuu ni yangu. Wenzangu wakaona ni haki kabisa. Walisema: ama utashuka, ama utapitishwa, mambo ni mawili, basi ni nusu kwa nusu. Hata mimi niliamini hivyo. Nilishangaa tu kwamba kila jioni mfuko wangu ulikuwa mzito kuliko asubuhi.

Ijumaa moja mwenzetu mmoja alipoteza kumi, akaongeza kumi kuikomboa, akaongeza nyingine. Alipomaliza, nauli yake yote ilikuwa kwangu. Hakusema neno. Tulipofunga shule mimi nilipanda matatu, yeye akashika njia kwa miguu hadi Witeithie, mvua ikimnyeshea, magari ya Thika Road yakimrushia maji. Jumatatu ndipo nilisikia kwamba mamake alisimama kando ya barabara gizani akimsubiri, akiwauliza makanga kama wamemwona kijana mwenye sare ya shule. Nilimrudishia pesa zake, lakini usiku ule wa mamake sikuweza kuurudisha.

Ndipo nikaketi na kufanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Jioni mbili mfululizo nilicheza peke yangu michezo 200, nikiandika kila matokeo katika daftari. Nilifanikiwa kushuka chini ya kilomita 1 mara 73 tu. Hesabu ni hii: michezo 200 kwa shilingi kumi ni shilingi 2,000 zinazoingia. Ushindi 73 kwa shilingi ishirini ni shilingi 1,460 zinazotoka. Zinazobaki kwa mwenye mchezo ni shilingi 540, na hakumwibia mtu, hakuchezea kalkuleta, hakudanganya. Sheria yenyewe ndiyo mwizi! Mambo kuwa mawili si kusema kwamba yana uzito sawa.

Msomaji, hapo macho yangu yalifunguka. Mitaani kwetu Ruiru, na hata Thika karibu na stage, utawakuta vijana wameinamia simu wakibeti. Sheria ya Kenya inamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sote tunajua simu ya kaka au ya mjomba haiulizi umri wa kidole. Kila mmoja anaamini leo ni leo. Wameambiwa kanisani, wameambiwa nyumbani, wameambiwa kwenye gwaride kwamba kamari ni mbaya. Mimi pia niliambiwa. Lakini sikuelewa kwa nini ni mbaya mpaka nilipokaa upande wa pili wa meza, nikawa mimi ndiye mwenye mchezo, kisha nikahesabu. Aliyeunda mchezo kwa mkono wake ni vigumu kudanganywa na mchezo wa mwingine.

Kwa hiyo kauli yangu ni hii: adhabu niliyopewa nilistahili. Nilisafisha vyoo wiki nzima na mama akaitwa shuleni, akapoteza siku nzima ya kuuza mboga. Lakini kuzifungia kalkuleta ni kumpiga punda kwa kosa la mwenye punda. Kalkuleta haikuitisha pesa za mtu. Niliyeitisha ni mimi.

Tukitazama historia, mchezo na hesabu ni ndugu wa toka nitoke. Mwaka wa 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana pesa za mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha. Barua hizo ndizo zilizoweka msingi wa mada ya uwezekano tunayofanyia mtihani leo. Mwaka wa 1946 Stanislaw Ulam, mwanahisabati mwenye asili ya Poland aliyekuwa Marekani, alikuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa na akicheza karata peke yake. Alijiuliza nafasi ya kushinda ni ngapi, akaona kwamba badala ya kuumiza kichwa na hesabu ndefu, ni afadhali kucheza mara nyingi na kuhesabu. Njia hiyo hutumiwa na wanasayansi hadi leo, na huitwa Monte Carlo, jina la mtaa wa Monaco wenye jumba maarufu la kamari. Nilipofanya michezo yangu 200 sikujua kwamba nilikuwa nafuata nyayo zake.

Na kuhusu kuunda mchezo ndani ya chombo kisichokusudiwa mchezo, sikuwa wa kwanza. Mwaka wa 1958 William Higinbotham, mwanafizikia katika maabara ya Brookhaven huko New York, alitaka wageni wa maabara wasichoshwe na vyombo vilivyosimama kimya. Alikuwa na kompyuta ambayo kitabu chake kilieleza jinsi ya kukokotoa njia ya risasi na makombora. Akaiunganisha na chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, risasi ikawa mpira, na watu wakapanga foleni kucheza tenisi. Chombo kilichoweza kuhesabu vita kikahesabu mchezo! Je, tungesema amepoteza wakati?

Wala tusiende mbali. Pwani wana bao, nasi huku tuna giuthi, ambayo babu zetu waliicheza kwa mbegu na vishimo ardhini. Mchezaji hodari huhesabu mbegu kwa macho, akajua ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaokota ya kwanza. Hiyo kama si hesabu ni nini?

Najua yupo atakayesema: "Wanafunzi watacheza badala ya kusoma." Ni kweli, wapo watakaofanya hivyo. Lakini hao hao huchora katuni nyuma ya daftari, na hatujasikia daftari zikikusanywa. Mwingine atasema: "KCSE haitahini michezo." Hilo pia ni kweli, ila inatahini uwezekano, na inatahini ufuatano wa namba, na yote mawili yamo katika ile safari ya Thika hadi Ruiru.

Isitoshe, kuna jambo ambalo pengine waliotoa amri hawakuliwaza. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Mazoezi ya Hisabati tunayafanya usiku nyumbani. Sasa kalkuleta yangu imelala Thika na mimi nimelala Ruiru. Mama alidunduliza pesa za mboga wiki tatu ili ainunue, na kila nikiketi mezani huniuliza iko wapi. Majedwali ninayo, na kuyatumia najua, lakini swali lililotungwa kwa kalkuleta hunichukua muda mara mbili, na mafuta ya taa hayaji bure siku stima zikipotea. Mwenye dadake chuoni ataazima. Asiyekuwa na wa kumwazima atafanya nini?

Tena tukumbuke sisi ni akina nani. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023, na KCSE ya mwisho inatarajiwa mwaka wa 2027. Wadogo zetu wa mtaala wa umilisi wanahimizwa kila siku kubuni vitu kwa vifaa walivyo navyo. Wakibuni, wanapata alama. Sisi tukibuni, tunapelekwa kwa mwalimu wa zamu. Hata kama mtaala wetu unafunga mlango, tusifungiwe nje kabla ya wakati.

Basi napendekeza mambo matatu. Mosi, kalkuleta zirudishwe kwa wenyewe ili tuende nazo nyumbani. Pili, alasiri moja kila wiki, chama cha Hisabati na chama chetu cha Kiswahili vikutane. Mwanafunzi yeyote alete mchezo aliouunda ndani ya kalkuleta, kwenye karatasi ya grafu, au kwa vifuniko vya soda. Lakini sharti aandike sheria zake kwa Kiswahili kinachoeleweka, na aonyeshe ubaoni nafasi ya kushinda ni ngapi. Asiyeweza kueleza mchezo wake asiruhusiwe kuuchezesha. Tatu, atakayeingiza pesa, hata senti, aadhibiwe bila huruma. Mimi nitakuwa wa kwanza kumpeleka kwa mwalimu.

Niko tayari kuanza. Daftari langu lenye michezo 200 bado ninalo. Nimekubaliana na yule mwenzetu wa Witeithie kwamba tukipewa nafasi, tutasimama ubaoni pamoja: mimi nieleze jinsi nilivyompata, na yeye aeleze jinsi alivyotembea. Nadhani darasa litakumbuka kipindi hicho kuliko matangazo kumi ya gwaride.

Kwa walimu wetu wapendwa, natumaini hamtayaona maneno haya kuwa utovu wa adabu. Mtoto akililia wembe mpe, wahenga walisema, lakini sisi hatulilii wembe. Tunalilia kalkuleta na mtu wa kutuonyesha makali yake yako wapi. Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Mcheza kwao hutunzwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu