Tusingoje Mlipuko Ndipo Tupange Foleni

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, kama saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni baruti lililipuliwa nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Watu 213 walifariki, na majeruhi walikuwa maelfu. Muda huohuo, mjini Dar es Salaam, bomu la pili likaua watu 11.

Wengi wa marehemu wa Nairobi hawakuwa na shughuli yoyote na ubalozi. Walikuwa makarani, wanafunzi wa ukatibu katika jumba la Ufundi lililoporomoka, abiria wa basi lililokuwa likipita zake.

Hayo mnayajua. Walio na umri wa kutosha wanakumbuka hata walipokuwa wamesimama habari ilipowafikia. Leo nataka tuzungumze juu ya ile foleni.

Mnaikumbuka? Vumbi halijatulia, watu walikuwa wakifukua kifusi kwa mikono mitupu. Matatu zikageuka ambulensi. Na wengine, wasiojua pa kushika, wakakunja mikono ya mashati na kupanga foleni kutoa damu. Septemba 2013, jumba la maduka la Westgate liliposhambuliwa na watu 67 wakauawa, foleni ikarudi, safari hii hadi bustani ya Uhuru. Ndivyo tulivyo. Moyo wenu sina shaka nao hata kidogo.

Swali langu ni hili: damu uliyotoa siku ile ilimfikia nani?

Damu haitoki mkononi mwako ikaingia moja kwa moja kwa majeruhi. Hupelekwa maabara kwanza, ikapimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha ikapangwa kwa makundi. Kazi hiyo huchukua muda, na mtu aliyekatwa mshipa na kioo hana muda. Anachoongezewa katika saa ile ya kwanza ni damu iliyokuwa tayari kwenye jokofu. Aliyemwokoa, basi, ni mtu aliyekwenda kutoa Jumanne ya wiki iliyotangulia, siku isiyo na habari yoyote redioni, akapewa soda na biskuti, akarudi kazini kwake. Hakuna atakayemjua. Kwa nini asiwe wewe?

Tena damu haikai. Mwezi mmoja na siku chache tu, imekwisha muda wake. Kwa hiyo hata tukijitokeza kwa maelfu siku moja, mwezi wa pili majokofu yatakuwa matupu tena. Nani kati yenu hungoja wageni wapige hodi ndipo apeleke mahindi mashineni?

Na msidhani damu hiyo hukaa bure ikingoja magaidi. Leo jioni kuna mama atakayevuja damu baada ya kujifungua. Kuna mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, na kijana wa bodaboda aliyegongwa barabarani.

Baada ya mlipuko ule ndipo Kenya ilipoanzisha huduma ya kitaifa ya damu. Tangu hapo, kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya damu hiyo imetolewa na wanafunzi wa sekondari, kiasi kwamba shule zikifungwa, upungufu huanza. Watoto wetu wamefanya vizuri, Mungu awabariki. Lakini sisi wazazi je? Anayetakiwa ni mtu mwenye afya, umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 kwenda juu. Mfuko mmoja haufiki nusu lita. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Unaogopa sindano? Mimi pia sizipendi; huwa natazama ukutani mpaka wamalize.

Mbali na damu, siku ile inatukumbusha mambo mawili ya kuzingatia kazini.

La kwanza ni madirisha. Asubuhi ile ya 1998, kabla ya bomu lenyewe kulikuwa na mshindo mdogo wa guruneti. Watu wa majumba ya jirani wakaacha meza zao, wakakimbilia dirishani kuona kuna nini. Ndipo bomu likalipuka, na vioo vikawaingia usoni. Wengi walipoteza macho kwa namna hiyo, na miongoni mwao wapo wanaoishi gizani hadi leo. Udadisi ni tabia ya kila binadamu, hatuwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Ila tuambizane, ofisini na shuleni: ukisikia mshindo, ondoka dirishani, lala chini, jikinge nyuma ya ukuta. Umeshawaambia wenzako wa mezani? Umewaonyesha watoto?

La pili ni askari wa langoni. Lori lile lilikusudiwa kuingia mpaka ndani ya uwanja wa ubalozi. Halikuingia, kwa sababu mlinzi mmoja Mkenya, asiye na bunduki, alikataa kufungua kizuizi. Basi kesho ukiombwa kufungua mkoba mlangoni mwa duka, na una haraka, na jua ni kali, tafadhali usimkunjie uso. Mwambie habari ya asubuhi. Na wewe unayemwajiri, umempa redio ya mawasiliano inayofanya kazi? Anajua ampigie nani?

Turudi kwenye damu, maana hilo ndilo ombi langu kubwa. Wengi huniambia wangependa kutoa, ila hawajui waanzie wapi, au kituo kiko mbali. Anzeni na kundi mlilo nalo: chama cha akina mama, kwaya, msikiti, timu ya mpira ya mtaa, stendi ya bodaboda. Mtumeni mtu mmoja kwenye kituo cha damu kilicho karibu, au hospitali ya kaunti, akaulize ni siku gani wanaweza kuja kwenu. Mkiwa watu wa kutosha, huja na vitanda, mizani na wahudumu wao. Nyinyi tafuteni kivuli, maji ya kunywa, na mwajiri atakayekubali wafanyakazi wake wachelewe saa moja.