Nyuso za Kibuluu na Mkono Usiotulia



Katika nyumba nyingi za mjini siku hizi imo kamera ndogo ya dijitali iliyolala kabatini. Pengine ililetwa na mjomba aliyekuwa masomoni ng'ambo, pengine ilinunuliwa mkononi kwa mtu pale Kariakoo, na tangu simu zilipojifunza kupiga picha imesahauliwa ndani ya droo, pamoja na funguo ambazo hakuna ajuaye zinafungua mlango gani. Juma hili nakuomba uitoe, uipanguse vumbi na kuichaji betri yake, kwa maana ninalo jambo la kukueleza ambalo mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama kubwa.

Gharama yenyewe haikuwa ya fedha. Mwaka 2011 marehemu baba yangu alikuja kutoka kijijini kututembelea. Jioni ya mwisho kabla hajarudi tulikula pamoja sebuleni, naye akampakata mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa miezi minne. Nilipiga picha tatu upesi upesi, nikaifunga kamera, tukaendelea na mazungumzo. Baba hakurudi tena mjini. Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata, na tulipoitafuta picha ya kuitundika ukutani, zile tatu ndizo zilizokuwa za mwisho. Katika zote baba ni wa rangi ya kibuluu, kama mtu aliyetolewa majini, na katika zote uso wake una mistari miwili pale ulipopaswa kuwa na mmoja.

Nilizipeleka kwa fundi wa picha, mtu mwenye subira na kompyuta nzuri. Kwa muda wa saa moja aliufuta ubuluu, baba akarudiwa na wekundu wake wa udongo ninaoukumbuka. Nilifurahi. Nikamwomba sasa aondoe na ule mtikisiko. Akaniangalia, akatikisa kichwa. Macho manne hayawezi kurudishwa kuwa mawili, kwa sababu kamera haikuyaona macho mawili hata mara moja.

Hapo ndipo nilipozielewa daraja za makosa haya mawili. Rangi iliyopotoka, mara nyingi hupatiwa dawa baadaye. Picha iliyotikisika imekwenda. Kwa hiyo, ikikulazimu kuchagua mbele ya watu wanaosubiri, linda utulivu kwanza. Lakini nitaanza na rangi, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kuitawala, na kwa kuwa hukaa mahali ulipoiacha hadi utakapoikumbuka.

Jicho la binadamu ni jicho la kusamehe. Karatasi nyeupe utaiona nyeupe chini ya jua la adhuhuri, utaiona nyeupe mbele ya kibatari. Kamera haina msamaha huo. Bamba lake dogo la kupokea mwanga limefunikwa vichujio vya rangi, na aghalabu katika kila vitone vinne viwili huona kijani tu, kimoja chekundu na kimoja buluu. Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak katika miaka ya 1970. Rangi nyingine zote kamera huzikokotoa, na ili ikokotoe sawasawa sharti ijue ni mwanga wa namna gani ulioko chumbani. Usipoiambia, itabuni. Ukiiambia uongo, kama nilivyofanya mimi, itaamini.

Mwanga hupimwa rangi yake kwa vipimo vya Kelvini. Mshumaa una kama 1,900. Balbu ya kizamani, ile yenye waya unaoungua ndani yake, kama 2,700. Jua la mchana kama 5,500. Kivuli cha mwembe siku ya anga safi chaweza kupita 7,000. Namba inapokuwa ndogo mwanga una manjano na wekundu, inapokuwa kubwa una ubuluu. Kamera ikiambiwa kwamba iko chini ya balbu ya kizamani, huongeza ubuluu ili kuyapooza yale manjano. Siku mbili kabla ya jioni ile nilikuwa katika ukumbi wenye balbu za namna hiyo, nikaiweka kamera kwenye alama ya balbu, nikasahau kuirudisha. Sebuleni kwetu kulikuwa na taa ya tyubu, nyeupe tayari. Kamera ikaongeza ubuluu wake juu ya weupe ule, na baba akawa kama nilivyokueleza.

Sehemu ya kurekebishia jambo hili utaiona kwenye menyu au nyuma ya kamera, imeandikwa kwa herufi mbili, W na B. Ukiifungua utakuta vijialama: jua, wingu, nyumba yenye kivuli ubavuni, balbu na tyubu. Nje mchana acha kamera ijiamulie yenyewe, huwa haikosei sana. Ndani ya nyumba jioni, ichagulie wewe. Balbu za siku hizi za LED zina namba yake kwenye boksi. Iliyoandikwa 3000K ichukulie kama balbu ya kizamani, iliyoandikwa 6500K ichukulie kama wingu au jua. Na kama kamera yako inakubali kupimiwa weupe, shika karatasi ya daftari isiyoandikwa pale pale atakapoketi mtu, ielekeze kamera ijae karatasi tupu, ubonyeze. Usitumie kanzu kwa kazi hii. Kanzu zetu hufuliwa kwa bluu ili zing'ae, na kamera itakayopimiwa kanzu ya namna hiyo itawapaka wageni wako manjano.

Kadhalika utakuta mahali pa kuchagua rangi kali, rangi za kawaida, au picha ya mtu. Rangi kali ni nzuri kwa kanga na maua. Kwa nyuso zetu si nzuri, maana huuvuta wekundu uliomo katika ngozi mpaka mtu aonekane ana homa. Chagua ya kawaida.

Nikiwa kwenye habari ya ngozi, yapo mambo ya zamani ambayo si budi kuyataja. Katika zama za filamu, maabara zilizosafisha picha zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi zilizotolewa na Kodak, zenye picha ya mwanamke mzungu; zikaitwa kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza kupigwa picha hizo. Uso wake ukipendeza, mashine ilihesabiwa kuwa iko sawa. Sisi wengine tulitoka kama tulivyotoka. Kadi zenye nyuso za watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Watu wa rika langu wanazo albamu ambamo mashangazi zao ni meno na macho tu, na kwa miaka mingi tulidhani kwamba kosa ni la mpiga picha wa mtaani.

Kamera ya dijitali haina kadi hiyo, bali ina mazoea yake. Hudhani kwamba mandhari yoyote iliyo mbele yake, ukiichanganya yote, hupata kijivu cha wastani. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa huitia hofu. Huona weupe umezidi, ikapunguza mwanga, na uso ukawa mkaa. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja. Uso utafunguka. Walakini hatua hiyo moja ina malipo yake: kamera nyingi zitakaa wazi muda mara mbili, na hapo ndipo mkono wako unapoingia katika hesabu.

Ndani ya kamera kuna kipazia, ama cha chuma, ama cha umeme tu, kinachofunguka kwa kitambo na kufungwa. Muda huo huonyeshwa kiooni kwa namba kama 1/60, yaani sehemu moja katika sitini ya sekunde. Kipazia kikiwa wazi, kila mtikisiko wa mkono wako huandikwa. Mabingwa wa zamani walikuwa na kanuni ambayo ingali inafaa: kama lenzi yako ni ya milimita 50, usiende polepole kuliko 1/50, kama umeivuta karibu mpaka milimita 200, usipungue 1/200. Kwa kamera ndogo hesabu milimita za kulinganisha na filamu ya 35, ambazo aghalabu huwa katika kijitabu chake. Sasa tazama hasara ya kuvuta. Kamera ndogo ikivuta kitu karibu, tundu lake la mwanga hupungua, kwa hiyo huhitaji muda mrefu zaidi, wakati ule ule ambapo mtikisiko nao umekuzwa. Usivute. Sogea hatua mbili.

Picha ya baba ilipigwa kwa 1/8. Namba hiyo imo ndani ya picha mpaka leo. Kamera haisahau dhambi zetu. Nilikuwa nimeiacha kwenye ISO 100, kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba namba ndogo hutoa picha safi. Ni kweli, juani. Sebuleni ni kinyume. Kila unapoizidisha ISO mara mbili, muda hupungua kwa nusu: 200 ingalinipa 1/15, 400 ingalinipa 1/30, na 800 ingalinipa 1/60, ambayo mkono wangu unaiweza. Picha ingalikuwa na chengachenga, naam. Laiti ningalikuwa na picha ya baba yenye chengachenga!

Chini ya tyubu kuna jambo lingine. Umeme wetu hapa nchini una mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubu za kizamani, pamoja na baadhi ya LED za bei nafuu, hupepesa mara 100 kwa sekunde pasipo sisi kuona. Ukipiga kwa kasi kubwa, 1/500 mathalani, picha moja itatoka angavu na inayofuata yenye giza la umanjano, ukadhani kamera imeharibika. Kama kamera inakuruhusu kuchagua muda, weka 1/50 au 1/100. Kwa taa ya flashi sina sifa nyingi za kutoa. Ile ndogo iliyo juu ya lenzi huyafanya mapaji ya nyuso yang'ae kama yamepakwa mafuta.

Kamera nyingi zina kituliza mtikisiko, kiwashe. Kitakusaidia dhidi ya mkono wako mwenyewe, lakini hakina uwezo juu ya mtoto anayerukaruka, kwa huyo hitaji lako ni 1/250 au zaidi, basi mtoe nje. Shika kamera kwa mikono yote miwili, viwiko vibanwe ubavuni, bega liegemee mwimo wa mlango. Bonyeza kitufe nusu, ngoja kamera ilenge, toa pumzi polepole, kisha malizia kubonyeza kama mtu anayeligusa yai. Wengi wetu hukibonyeza kitufe kama kengele ya mlango.

Ikiwa giza limezidi, stendi ya miguu mitatu ndiyo yenyewe, ila si kila nyumba inayo. Tia kilo moja ya maharage katika mfuko wa kitambaa, uushone mdomo, uweke juu ya meza au kiti, ulaze kamera juu yake, maharage yataikumbatia. Kisha tumia kile kihesabu muda cha sekunde 2, ili kidole chako kiwe kimekwisha ondoka picha inapopigwa. Njia nyingine ni uzi. Chini ya kamera kuna tundu la parafujo ya robo inchi. Mwambie fundi akutafutie parafujo fupi ya kipimo hicho, ufunge uzi imara wa kufika chini, uukanyage kwa mguu na kuuvuta ukaze. Watoto watakucheka. Mwacheke nanyi mtakapoiona picha.

Mama sasa anaishi nasi. Jumapili iliyopita, yapata saa kumi na moja jioni, nilimwomba aketi karibu na mlango wa baraza, mahali ambapo mwanga wa nje humwangukia upande mmoja na ambapo taa ilikuwa bado haijawashwa, ili pasiwe na mianga miwili ya rangi mbili. Niliweka alama ya kivuli, rangi za kawaida, ISO 400, hatua moja ya kujumlisha kwa ajili ya ukuta mweupe, na kamera nikailaza juu ya mfuko wa maharage. Ilisoma 1/60. Alininyanyua mara mbili: kwanza abadilishe kanga, kwa kuwa aliyoivaa ina doa, na pili amwite mjukuu wake asimame nyuma yake, yule yule aliyepakatwa na baba jioni ile, ambaye sasa ananifikia begani.

Kati ya picha nane, tano zilikuwa tulivu. Mama alizitazama kiooni moja baada ya moja, miwani imeshuka puani, akachagua ambayo mimi nisingeichagua, ile aliyofumba mdomo. Ameniagiza nisafishe nakala mbili, moja ikae hapa na moja iende kijijini, na kuzipeleka ni kesho.