Nyota tano za watu wawili

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, nayo itakuja. Lakini wiki hii nina hasira, na kwa bahati hasira yenyewe inahusu hifadhidata, kwa hiyo nivumilieni.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni mzaliwa wa Migori mjini. Mama yangu alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa amestaafu na magoti yamemchoka. Alikuwa na ombi moja: alale usiku mmoja mahali ambapo akiamka atafungua dirisha na kuona ziwa, na akigeuka aone mlima. Hakutaka Mombasa wala Naivasha. Alitaka Homa Bay, mji aliopita mara nyingi akienda mikutano ya walimu, akila samaki haraka haraka na kurudi nyumbani, bila kulala hata siku moja kama mgeni.

Mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta na chakula changu natoa kwenye programu. Sasa mtu kama mimi atamuuliza nani habari za gesti? Nikafungua tovuti moja ya kutafuta malazi (siitaji jina), nikaandika Homa Bay, nikapanga orodha kwa nyota. Ya kwanza kabisa ilikuwa na nyota tano kamili, picha ya ziwa linalong'aa, na maneno "dakika tano hadi ufuoni". Nikalipa papo hapo. Nilijiona mjanja kweli.

Tukapanda matatu Migori, tukapita Rongo, tukafika Homa Bay jioni. Pini ya ramani ilitupeleka kwenye shamba la mahindi. Shamba, jamani! Nikapiga simu, tukaelekezwa upya, na nyumba tukaikuta kando ya barabara ileile tuliyokuja nayo, kilomita kadhaa kutoka majini. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi tupu, na chini yake baa iliyopiga muziki hadi saa tisa usiku. Mama alipanda zile ngazi akishika ukuta. Hakulalamika. Angelalamika ningejisikia afadhali. Asubuhi alifungua dirisha, akatazama tangi la maji la jirani kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hili ndilo ziwa lenyewe?"

Rafiki zangu wa Nairobi watasema nilipata mwenye nyumba mwongo. Labda. Lakini nimekaa na jambo hili wiki nzima na nina hakika uongo mkubwa haukuwa wa mwenye nyumba. Ulikuwa wa programu, yaani ulikuwa wetu sisi tunaoziandika.

Tuanze na nyota. Ile nyumba ilikuwa na nyota tano kutoka kwa watu wawili. Wawili! Huenda mmoja ni shemeji. Chini yake zilikuwapo nyumba zilizopimwa na makumi ya wageni, ila kwa kuwa binadamu hawalingani, wastani wao ulikuwa nne na kidogo. Ukipanga orodha kwa wastani mtupu, shemeji anashinda kila siku.

Na dawa yake si siri. Mwaka 1927 mtaalamu wa takwimu aitwaye Edwin Wilson aliandika kanuni inayojibu swali hili hasa: kwa idadi hii ya watu, ni kiwango gani cha chini ambacho naweza kukiamini? Nimeipiga hesabu mwenyewe, kwa uhakika wa asilimia 95. Nyumba iliyopimwa na watu 2, wote wameridhika, inapata asilimia 34. Nyumba iliyopimwa na watu 90, wakaridhika 81, inapata asilimia 82. Umeona tofauti? Kwa wastani mtupu ya kwanza ina mia kwa mia na ya pili tisini. Kanuni ina karibu miaka mia na unaiandika kwa mistari sita. Katika mji wenye maoni elfu kumi kosa hili halionekani sana. Katika mji kama Homa Bay, ambako nyumba nyingi zina maoni mawili, matatu au sifuri, kosa hili ndilo orodha yenyewe.

Pili, umbali. Tovuti nyingi hupima umbali kwa kanuni ya haversine: unaipa latitudo na longitudo za sehemu mbili, inakupa mstari ulionyooka juu ya mgongo wa dunia. Ni kanuni ya mabaharia wa karne ya 19, na baharia hakuwa na kosa kwa sababu meli haipandi matatu. Sasa ipeleke Ghuba ya Winam. Simama Mbita, mwisho wa barabara itokayo Homa Bay, utafute malazi "karibu nawe". Utaletewa nyumba za Luanda Kotieno, ng'ambo ya maji, kaunti ya Siaya. Kwenye mstari ni kama kilomita kumi. Ukiwa na gari na ukazunguka kupitia Kisumu, ni zaidi ya kilomita 200. Ipo feri kati ya Mbita na Luanda Kotieno, safari ya kama saa moja, na ukiiwahi basi hesabu ya baharia inakuwa kweli tena. Lakini programu haijui kuna feri, haijui inaondoka saa ngapi, na haijui kwamba uliyenaye ana magoti mabovu na hawezi kukimbilia chombo.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi kama mwandishi wa programu, maana tunafundishwa mwaka wa kwanza: vitu viwili tofauti visipewe jina moja. Homa Bay ni ghuba, ni mji, na tangu ugatuzi wa 2013 ni kaunti. Mtu akiandika neno hilo, programu inachukua lolote kati ya hayo matatu na kutupa pini katikati. Ndiyo maana "hoteli ya Homa Bay" inaweza kuwa mjini, inaweza kuwa Kendu Bay, inaweza kuwa kisiwa cha Mfangano ambako hufiki bila boti.

Na Migori yetu je? Migori mjini kuna mto, ziwa hakuna. Kaunti ya Migori inayo pwani ya ziwa, iko Muhuru Bay, zaidi ya kilomita 40 upande wa magharibi. Mgeni akitafuta "Migori, kando ya ziwa" anapewa chumba pale mjini kwenye kelele za malori ya Isebania. Akitaka Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wa kugandisha, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ataambiwa pia alale Migori mjini, ingawa ngome iko kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji.

Hata mlima una matatizo. Kilima chenye umbo la pia kilichosimama juu ya mji wa Homa Bay ni Asego. Mlima Homa wenyewe, mita 1,751, uko kwenye rasi upande wa Kendu Bay. Matangazo yanayosema "mandhari ya Mlima Homa" huku picha ikionyesha Asego nimeyahesabu mpaka nikachoka. Sisemi Asego ni mbaya, ni kilima kizuri sana! Lakini aliyefunga safari kupanda mmoja asiamkie chini ya mwingine.

Picha za ziwa ndizo usiniulize. Gugu maji linatusumbua tangu miaka ya 1990. Upepo ukigeuka, ghuba iliyokuwa maji jana leo ni uwanja wa kijani, na wavuvi wanahangaika kutoa mashua. Picha ilipigwa siku moja safi, ikapakiwa, ikabaki hapo milele. Tovuti ingeweza kuandika tarehe ya picha chini yake. Tarehe imo ndani ya faili, kamera huiandika yenyewe. Lakini hatuionyeshi. Kwa nini? Kwa sababu ziwa la kijani haliuzi chumba.

Turudi kwa Mama. Siku ile ya pili nilitoka nje nimeinamisha kichwa, nikamkuta kijana wa bodaboda. Nikamweleza. Hakufungua ramani yoyote. Aliuliza maswali manne: "Mama anaweza ngazi? Mnalala siku ngapi? Anasumbuliwa na kelele? Mna nauli ya kurudi mjini kula, au mnataka mahali wanapika?" Maswali manne tu, na hakuna tovuti iliyowahi kuniuliza hata moja. Kisha akamwita mwenzake mwenye tuktuk, "Mama asipande pikipiki na magoti hayo."

Tulipelekwa kwenye nyumba ya mjane mmoja, vyumba vitano, vyote chini, ua unaoteremka hadi kwenye maji, na ukigeuka unamwona Asego yule pale. Bei ilikuwa karibu nusu ya ile niliyolipa. Jioni aliwasha taa ya nje mbali na mlango makusudi, ili wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga kama moshi wakusanyike huko na wasiingie ndani. Mama alikaa kwenye kiti nje hadi giza likaingia. Wakawa wanasimuliana habari za Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la karibu na Kendu Bay, ambalo wazee husema lilikuwa kijiji kilichozama kwa sababu kilimnyima bibi kizee mgeni mahali pa kulala. Mama akanitazama akacheka. Nilielewa.

Nikamuuliza mwenye nyumba mbona hayuko mtandaoni. Alijaribu, akasema. Mpwa wake alimjazia fomu. Fomu ikataka jina la mtaa na namba ya nyumba. Hana. Ikataka msimbo wa posta. Akaandika wa sanduku la posta, ukakataliwa. Ikataka kadi ya benki, naye fedha zake zote hupita kwenye M-Pesa. Aliposikia pia kwamba watakata kamisheni, ambayo kwa tovuti hizi mara nyingi huwa kama asilimia 15, akaacha.

Hapo ndipo niliponyamaza, wasomaji. Kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuandika fomu kama ile. Kazini, mwaka juzi. Sehemu ya mtaa na namba ya nyumba niliiwekea alama ya lazima, kwa vile mfano nilionakili ulikuwa hivyo, nikaenda kunywa chai. Neno moja tu la msimbo. Sijui ni watu wangapi limewafungia mlango, na hakuna jedwali litakaloniambia, maana aliyeshindwa kujaza fomu hahifadhiwi popote.

Msiniambie hii ni kazi ya wazungu wa California. M-Pesa ilianza hapa 2007, mtu akatuma pesa kwa simu ya kitochi bila kuulizwa mtaa. Mwaka 2008 Wakenya walioandika Ushahidi waliweka ripoti za ghasia kwenye ramani kwa ujumbe mfupi wa simu. Uwezo upo. Na wageni wapo: sherehe za kitaifa za Madaraka za 2025 zilifanyika Homa Bay, na Agosti mwaka huohuo ukaja mkutano wa ugatuzi. Watu walitafuta vyumba. Waliojaa mapema ni walioonekana.

Basi, kwa anayekwenda huko kabla hatujajirekebisha: achana na nyota, piga simu. Uliza ziwa liko upande gani wa chumba, maana mbele ya Homa Bay mjini maji yako kaskazini, na anayetaka kuona jua likizama ziwani bora aende upande wa magharibi wa Rusinga, au Muhuru Bay. Uliza wanatumiwa picha ya leo asubuhi, si ya kwenye tovuti. Uliza ngazi ni ngapi. Na wakikuambia ogelea, uliza kwanza habari za kichocho.

Kwa upande wangu, nimeifuta ile alama ya lazima kazini (bosi hakuuliza, sikumwambia). Jumamosi nilikaa na yule kijana wa bodaboda, yeye akitaja nyumba na mimi nikiweka kwenye OpenStreetMap, mahali halisi pa mlango, ngazi zipo au hazipo. Tumefika kumi na moja. Kanuni ya Wilson nitaiandika katika somo lijalo, pamoja na msimbo mzima, mwenye kutaka kuinakili anakili.

Mama anataka kurudi Desemba. Nimempigia mwenye nyumba. Kile chumba cha upande wa maji kina mtu hadi tarehe 14.