Deni la Maji Lililotufuata Mpaka Harusini



Kila mwaka baadhi ya dada zetu wa Unguja na Pemba hupata vyuo Dodoma. Mama hufunga sanduku, shangazi hutoa nasaha za sala na stara. Lakini nani atalipa umeme na maji ya nyumba watakayopanga? Hilo halizungumzwi.

Sisi pia hatukulizungumza. Tulikuwa wanne, tumepanga nyumba moja Chang'ombe, ile ya Dodoma, si ya Dar es Salaam. Kodi tuliitoa pamoja. Kuhusu bili tukasema, "Sisi ni ndugu, tutaelewana."

Hatukuelewana.

Umeme wa LUKU ni kama tukuza ya kwetu: unalipa kwanza, ukiisha taa zinazimika. Lakini nani kaumaliza? Mmoja alikuwa na hita ya maji, maana baridi ya Dodoma ya Juni na Julai si mchezo kwa mtu wa pwani. Mwengine akipikia jiko la umeme. Mwenye taa moja na simu alilipa sawa na wao, akanyamaza na donge lake.

Intaneti tulichukua rauta ya kulipia kwa mwezi, ikaandikwa jina la mmoja wetu kwa sababu ndiye aliyekuwa na kitambulisho mkononi siku ile. Kila mwisho wa mwezi akawa anagonga milango. Tukampa jina, "Mdai". Kumbe miezi yote alikuwa anatukopesha.

Maji ndiyo yaliyotuvunja. Bili ya maji huja baada ya kutumia. Mwenzetu mmoja alichumbiwa, akaondoka katikati ya muhula kurudi Unguja kuolewa. Nyuma yake ikaja bili ya mwezi uliopita, na ya kabla yake tulikuwa tumeiweka kiporo. Jumla Sh 38,000, fungu lake Sh 9,500. Tukaona haya kumdai biharusi. Tukamlipia, tukaenda harusini, tukala biriani, tukapiga vigelegele. Lakini kila tulipokaa watatu, tulimsema.

Maneno yakamfikia. Akapiga simu analia: "Kwa nini hamkuniambia? Mimi sikujua kama nadaiwa." Pesa alituma siku ile ile. Tulimwomba radhi, akasema kasamehe. Ila simu zake zile za kila wiki hatuzipati tena.

Tulijiita wenye haya. Haya gani hii, inayoogopa kumwambia mtu usoni, kisha inamla nyama mgongoni? Kudai haki yako kwa upole si kukosa adabu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, dogo kwa kubwa. Marafiki hawakutolewa humo.

Basi dada zetu, kabla ya kununua umeme wa kwanza, kaeni na daftari.

Siku ya kuingia, pigeni picha mita ya maji, na muulizeni mwenye nyumba kama waliohama wameacha deni.

Umeme wa taa na friji gawaneni sawa. Mwenye hita au jiko aongeze kiasi mtakachokubaliana. Na mjue kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Wekeni risiti, mzungumze naye aipunguze kwenye pango.

Pesa ya intaneti ikusanywe siku tatu kabla ya tarehe. Ambaye jina lake limo kwenye rauta asiachiwe mzigo peke yake, kwani akidaiwa, anadaiwa yeye, si nyinyi.

Anayehama, asome mita ya maji siku hiyo hiyo mbele ya wenzake, alipe fungu lake, ndipo apeane nao mkono.

Na wewe biharusi mtarajiwa uliyewahi kuishi na wenzio, kabla ya singo na hina wapigie simu. Waulize, "Kuna chochote nadaiwa?" Nafaka ya mumeo haifuti deni lako la nyuma. Huenda ni dogo hata kuliko bei ya hina yako, lakini ni haki ya mtu, na mauti hayangoji fungate iishe.

Nanyi mliobaki, akiuliza, msiseme "achilia mbali" huku roho zinawauma. Kama mmesamehe, sameheni kweli. Kama hamjasamehe, mtajieni kiasi, hata kama ni Sh 9,500.