Ukumbusho wa Bunduki

Wapendwa, tulipowatembelea ndugu zetu wa Marekani, mwenyeji wetu, mzee wa kanisa, alituonyesha ukuta wake: nakala mpya za bastola za kale za gumegume, zilizolipuka kwa cheche za jiwe, na bunduki ya Winchester iliyotolewa 1981 kumkumbuka mwigizaji John Wayne. Tulizishika, tukapigwa picha, tukasifu. Leo tunatubu.

Watasema, "Ni historia tu." Historia ya nani? Gumegume zilifika pwani yetu pia, zikapanda bara na misafara iliyorudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873, Wakristo hawakutundika bunduki pale Mkunazini. Walijenga kanisa, wakaweka madhabahu.

Hatusemi kila mkusanyaji ni muuaji. Tunasema silaha ikirembwa, anayekumbukwa ni aliyeishika, si aliyelengwa. Katika Katekisimo Kubwa Luther anafundisha kwamba moyo unapotegemea, hapo ndipo mungu wako alipo. Bwana wetu alikuwa upande wa waliopigwa. Tumkumbuke mezani pake, kwa mkate na divai.