Wimbo Mmoja, Sauti Tatu

Wiki hii tuweke taarabu na bongo fleva kando kidogo, maana kuna wimbo wa Kiingereza umenikaa kichwani miezi miwili sasa. Unaitwa "I Talk to the Wind", yaani nazungumza na upepo. Mgonjwa mmoja wa makamo ya baba yangu ndiye aliyenielekeza, akaniagiza nisiishie kwenye rekodi moja. Nami nausikiliza kwenye basi nikitoka zamu ya usiku.

Wengi wanaujua kutoka albamu ya kwanza ya King Crimson, iliyotoka Oktoba 1969. Hao ni katika waanzilishi wa kile kinachoitwa roki ya progresivu: vijana waliochoshwa na nyimbo fupi za kuchezea dansi, wakachanganya roki na jazi na muziki wa okestra. Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo ni makelele matupu, samahani kwa mashabiki. Halafu ghafla unaingia huu, mpole, wa dakika kama sita. Muziki aliutunga Ian McDonald, maneno ni ya Peter Sinfield. Greg Lake anaimba kwa sauti laini, na filimbi ya McDonald inachukua sehemu kubwa ya mwisho. Walirekodi studio, London, kwa mashine ya njia nane, kila chombo na nafasi yake. Ni kazi safi.

Lakini mwaka mmoja kabla, 1968, wimbo huohuo ulirekodiwa nyumbani. McDonald, Robert Fripp na ndugu wawili, Michael na Peter Giles, walikuwa wakifanyia mazoezi katika nyumba ya kupanga pale Brondesbury Road, Kilburn, na Peter alikuwa na kinasa sauti chake cha Revox. Aliyeimba ni Judy Dyble, binti aliyekuwa ametoka bendi ya Fairport Convention. Hakukaa nao sana, akaondoka kabla hawajawa King Crimson. Rekodi hiyo ilikuja kutolewa kwa umma mwaka 1976, katika mkusanyiko wa nyimbo za bendi hiyo.

Ni fupi, inakwenda mbio kidogo, na sauti zimebanana kama abiria wa daladala. Hata hivyo, mimi naipenda zaidi. Wimbo unahusu mtu anayesema bila kusikilizwa. Lake anauimba kama mtu aliyekwisha kubali hali hiyo. Judy anauimba kama anayeongea na mtu wa chumba cha pili na bado anangoja ajibiwe. Anayepiga simu nyumbani mtandao ukiwa mbovu atanielewa.

Mwaka 1992 kundi la Opus III likaugeuza wa disko, akiimba Kirsty Hawkshaw. Huo ukipenda cheza, mimi nilisikiliza mara mbili zikanitosha.

Sisi wenyewe tuna ubishi wa aina hii. Taja "Malaika" mbele ya watu wazima uone: huyu atakuambia hakuna kama Fadhili William, yule atamtaja Miriam Makeba, na chai itapoa.

Kuna jambo la ufundi hapa ambalo limenigusa. Mwaka 2009 albamu ile ya 1969 ilichanganywa upya na Steven Wilson akishirikiana na Fripp, nayo inasikika kama vioo vilivyofutwa vumbi. Iliwezekana kwa sababu kanda za awali zilikuwapo, zenye kila sauti mahali pake. Rekodi ya nyumbani haiko hivyo. Sauti zikishachanganyika kwenye kanda moja, kuzitenganisha ni kazi, na ukikwangua kelele unakwangua na mwimbaji.

Nimeyaandika haya kwa sababu nyumbani kwetu kuna mvutano. Bibi yetu, Mungu amrehemu, alirekodiwa kwa simu akiimba nyimbo za kubembelezea watoto. Mvua inapiga bati, jogoo anawika, mtu anauliza chumvi iko wapi. Mdogo wangu aliyeko Muscat ana programu ya kusafisha sauti, na anataka wanawe wamsikie bibi bila makelele. Alinitumia kipande alichokisafisha. Mvua imekwisha kabisa. Ile pumzi ya bibi kabla ya kila mstari nayo imekwisha, na wodini nimekaa na familia nyingi zinazosikiliza ujumbe wa simu wa mtu wao aliyefariki. Pumzi hiyo ndiyo wanayoirudia.

Simkatalii. Watoto wake wamezaliwa ugenini, Kiswahili chao ni cha kuokoteza, na maneno ya bibi yaliyo wazi yatawafaa. Nimemwambia aendelee, ila faili la awali asiliguse: alinakili sehemu mbili, moja anitumie mimi, nyingine ampe mama. Amejibu kwa alama ya dole gumba tu. Namngoja Ijumaa akiwa mapumzikoni, nimpigie.