Msikiti, Soko na Gereza: Dhidi ya Kuigawa Sauti ya Kijana

Pana kasoro mbili katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ambazo makala haya yanakusudia kuzipinga. Ya kwanza ni kumsoma kijana Mwislamu wa pwani kama mdomo wa dini yake tu, hata kila neno alitamkalo lionekane kuwa mwangwi wa chuo alichosomea utotoni. Ya pili ni kumtaka kijana huyo aivue dini yake mlangoni, mfano wa viatu, ndipo aruhusiwe kuingia katika ukumbi wa fasihi ya taifa kwa jina la mwanamapinduzi. Kasoro hizi hudhaniwa kuwa mahasimu. Sisi tunadai kuwa ni pacha, kwa kuwa zote mbili zinaamini kuwa mtu hawezi kuwa Mwislamu na raia mkosoaji kwa pumzi moja.

Chimbuko la kasoro ya kwanza linajulikana. Jan Knappert alipochapisha mwaka 1967 utafiti wake juu ya tenzi, alizichunguza ili kubainisha humo dhana za Uislamu wa Afrika Mashariki. Utafiti wa namna hiyo si haramu. Haramu ni kuufanya kipimo cha fasihi nzima ya Waswahili. Hata wale wanaomsifu Muyaka bin Haji kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni wanaikariri dhana hiyo hiyo pasipo kujua. Aliyepata kutembea katika Mji wa Kale wa Mombasa anajua kwamba msikiti na duka vinapakana, na kwamba mtu yule yule aswaliye adhuhuri ndiye abishanaye bei baada ya swala. Ukuta unaodaiwa kuvunjwa na Muyaka ulijengwa na wahakiki.

Tuchukue mfano wa Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akiishutumu serikali ya KANU wakati chama cha upinzani cha KPU kilipokuwa kikikandamizwa. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo, na rufani ya upande wa serikali ikakifanya kuwa cha miaka mitatu. Tungo alizoziandika kwa siri gerezani, kwenye karatasi za msalani, zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Wahakiki wa mkondo wa pili huishia hapa. Kwao, gereza limekwisha kumpa mtunzi utambulisho wote anaouhitaji. Hawaulizi ni kwa nini shairi la msimamo likaitwa "Siwati", neno la Kimvita, ilhali Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja kilikuwa na neno lake, "siachi". Hawaulizi ni kwa nini "Mnazi" ukawa majibizano ya Alii na Badi, mtindo wenye nasaba ndefu katika ushairi wa pwani. Wala hawaulizi ni ustahimilivu wa aina gani unaomwezesha mfungwa kukataa kuiacha kauli yake bila ya kuangamizwa na chuki. Katika malezi ya Kiislamu subira si kunyamaza. Ni kusimama imara juu ya jambo lililo haki. Yapo mapokeo mashuhuri ya Mtume yanayolihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi zilizo bora. Hatudai kwamba mtunzi alikuwa akiyafasiri mapokeo hayo. Tunalodai ni kwamba mhakiki asiyeijua lugha hii ya kimaadili atausikia ukaidi wa kisiasa peke yake mahali ambapo pana ukaidi na ibada kwa pamoja.

Huenda tukajibiwa kwamba usomaji wa namna hii unamrudisha mtunzi mikononi mwa Knappert. Jibu letu limo katika mfano wa pili. Alamin Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1948 katika ukoo wa Mombasa ambao Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa ameutolea gazeti la Al-Islah mwaka 1932, naye alipitia njia ya kizuizini. Tamthilia yake Kilio cha Haki ilitoka mwaka 1981. Mwaka 1982 aliwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Tungo za kizuizini zilichapishwa mwaka 1988 katika Chembe cha Moyo, na humo mna mashairi yasiyofungwa na arudhi.

Tuwapambanishe hawa wawili. Mji wao ni mmoja, dini yao ni moja, na dola iliyowafunga ni moja. Lakini mmoja aliishika mizani na vina kama silaha, na mwingine akaona kuwa dhiki yake yaweza kusemwa nje ya vina. Wale waliozoea kusema katika mgogoro wa ushairi kwamba arudhi ni mali ya Uislamu, na kwamba kuiacha ni kuuasi, watuambie ni yupi kati ya wawili hawa asiyekuwa Mswahili. Na wale waliodai kuwa mtunzi wa mapinduzi sharti aitupe arudhi watuambie ni yupi kati yao aliyeiogopa dola. Isitoshe, Kilio cha Haki hakihusu msikiti. Kinahusu wafanyakazi wa shambani, na sauti inayovuma humo ni ya mwanamke, Lanina. Kijana aliyekuwa akiitafuta sauti yake aliipata kwa kumwazima mwingine. Dini ilikuwa msamiati wa dhamiri. Haikuwa ua la kuwazuia wengine wasiingie.

Kwa nini suala hili litushughulishe katika idara zetu? Kwa sababu uhakiki hauishi peke yake. Mwaka 1992 chama cha IPK kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba ni cha kidini, na ghasia zikazuka Mombasa. Kwa miaka mingi vijana wa pwani na wa Kaskazini Mashariki walisailiwa na kamati kuhusu nasaba zao kabla ya kupewa vitambulisho ambavyo wenzao walivipata bila ya taabu. Kijana aliyekwisha kuulizwa na karani kama kweli ni Mkenya anapofika darasani na kuulizwa na mhadhiri kama kweli ni mwanafasihi wa taifa au ni mtunzi wa kaswida, swali ni lile lile. Kilichobadilika ni meza tu.

Tunapendekeza, basi, kwamba Sauti ya Dhiki isifundishwe bila ya Kimvita chake, wala bila ya arudhi yake, wala bila ya msamiati wake wa imani, wala bila ya historia ya kifungo chake. Mwanafunzi kutoka Kakamega au Nyeri hatapungukiwa na lolote kwa kujifunza neno "kuwata", kama vile mwenzake wa Lamu hapungukiwi kwa kujifunza historia ya Mau Mau. Na mhakiki asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo angefanya heri kutosema lolote juu ya utambulisho wa kijana huyu, kwa kuwa atakachokieleza ni nusu ya mtu, na nusu ya mtu haitungi shairi.